Funzo Lililoandikwa Chini ya Picha

Mwaka jana, katika somo la uhakiki wa fasihi, mhadhiri wetu alifika darasani na projekta badala ya kitabu. Akatuonyesha ukutani picha moja ya nyeusi na nyeupe. Mtu amepiga goti katikati ya nguruwe, mikono ameikutanisha kama anayeomba, na nyuma yake zimesimama nyumba za wakulima zenye mapaa ya mwinuko mkali. Mhadhiri akauliza swali jepesi: "Mnaona nini?"

Tulikuwa wanafunzi kama thelathini. Wa kwanza akajibu: "Tunajifunza kwamba tuwatii wazazi wetu." Wa pili akasema: "Dhamira ni madhara ya anasa." Wa tatu, ambaye ni mimi, akasema kwa kujiamini: "Mwana Mpotevu anatufunza umuhimu wa toba." Hakuna aliyetaja nguruwe. Mhadhiri akasubiri, kisha akasema: "Nimeuliza mnaona nini. Sikuuliza mnafunzwa nini." Darasa likanyamaza.

Insha hii imetoka katika ukimya ule. Nadai kwamba tabia yetu, sisi wanafunzi wa Kiswahili, ya kulikimbilia funzo kabla hatujaitazama kazi yenyewe si kosa dogo la mtihani. Ni kasoro ya kitaaluma, na katika nchi yetu ni hatari. Wahadhiri wanaotupa alama kwa "mafunzo manne" wana sehemu yao katika kasoro hiyo, na nasema hivyo kwa heshima, nikijua kwamba insha hii nayo itasahihishwa.

Nitaieleza hoja yangu kwa kutumia michongo ya Biblia iliyochapwa Ulaya katika karne ya 15 na ya 16, kipindi kiitwacho Renaisansi. Nimeichagua kwa sababu moja: katika mingi ya michongo hiyo, kazi na funzo lake vimetenganishwa mbele ya macho yako. Picha iko juu, funzo liko chini. Unaweza kuweka kiganja juu ya maandishi ukabaki na picha peke yake. Riwaya na tamthilia zetu hazitupi nafasi hiyo kwa urahisi.

Kwanza, kazi yenyewe ilifanywaje? Mchongaji alichukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa, akalikwaruza kwa patasi nyembamba ya chuma, mstari kwa mstari. Bamba likapakwa wino, kisha likafutwa ili wino ubaki ndani ya mikwaruzo tu. Karatasi yenye unyevu ikawekwa juu yake, vyote vikapitishwa katika mashine yenye magogo mawili ya kukandamiza. Kilichotoka ni picha iliyogeuka: mkono wa kulia kwenye bamba ukawa wa kushoto kwenye karatasi. Mchongaji alipaswa kufikiri kinyume ili msomaji aone sawa. Na bamba moja lilitoa mamia ya nakala, ndiyo maana picha hizo zilisafiri kuliko michoro ya kutani. Mtu ambaye asingefika Roma maisha yake yote aliweza kununua karatasi sokoni.

Picha tuliyoonyeshwa darasani ni ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, na inakadiriwa kuwa ya mwaka 1496 hivi. Chini yake hakuna maandishi ila herufi mbili za jina lake, A na D. Itazame vizuri. Injili ya Luka, sura ya 15, inasema kijana alipelekwa shambani kulisha nguruwe. Dürer hakumweka shambani. Alimweka uani, katikati ya nyumba za Ujerumani ya wakati wake, mahali ambapo kila mnunuzi wa picha ile angepatambua kama kwa jirani. Hakuchora karamu za kijana, wala hakuchora baba akimkimbilia mwanawe. Alichagua dakika ile ambayo kijana hajaondoka bado, hajui kama atapokelewa, na nguruwe wanaendelea kula. Hiyo ni hoja kamili iliyotolewa bila neno hata moja. Sisi tulipita juu yake kama pikipiki inavyopita juu ya tuta.

Sasa linganisha na michongo iliyofuata katika karne ya 16. Maarten van Heemskerck wa Haarlem alichora visa vingi vya Biblia, na wachongaji kama Philips Galle wakavihamishia kwenye shaba. Chini ya mingi ya michongo hiyo waliandika beti za Kilatini zinazomwambia mtazamaji ashike nini. Mwaka 1593, huko Antwerp, kikachapwa kitabu cha Mjesuiti Jerónimo Nadal, aliyekuwa amekwisha kufariki, chenye michongo 153 ya habari za Injili. Humo kila picha ina herufi ndani yake: A juu ya kichwa cha mtu huyu, B kwenye mlango ule, C mlimani. Chini kuna maelezo ya A, B na C. Msomaji haachiwi hata sehemu ya kupumzisha jicho. Kitabu hicho kilisafirishwa na Wajesuiti hadi China, na mwaka 1637 michongo yake ikatengenezwa upya huko kwa mtindo wa Kichina.

Sipingi ustadi wa Nadal. Kama njia ya kutafakari kwa sala, mpango wake ni wa akili sana. Ninachokipinga ni imani kwamba maandishi ya chini ndiyo maana ya picha ya juu. Watetezi wa maandishi hayo hupenda kukumbusha kwamba Papa Gregori Mkuu, mnamo mwaka 600, aliandika kuwa picha ni kwa wasiojua kusoma kile ambacho kitabu ni kwa wanaojua. Haya. Lakini beti zile ziliandikwa kwa Kilatini. Asiyejua kusoma hakuzihitaji wala hakuzielewa. Zilikuwa za wasomi. Basi ni wasomi waliohitaji kuambiwa cha kuona, naye mkulima alibaki na nguruwe aliowajua vizuri kuliko wao.

Mfumo huo ulitufikia. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Save mwaka 1900, na katekisimu ikaenea vilimani kwa maswali na majibu ya kukariri. Bibi yangu alikuwa akinisimulia jinsi walivyokaa chini wakiwa watoto, katekista akiwa na fimbo na picha kubwa iliyotundikwa. Fimbo ikigusa picha, watoto wanajibu kwa pamoja. Jibu lilikuwa moja na lilijulikana kabla ya picha kufunuliwa. Nilipomwuliza bibi ni nini kilichokuwa kimechorwa, alikumbuka majibu yote, lakini hakukumbuka hata sura moja. Nilicheka. Leo sicheki, kwa sababu darasa letu lilifanya hivyo hivyo likiwa na projekta.

Tazama sasa matokeo yake katika kusoma maandiko. Tulisema Mwana Mpotevu anafundisha utii kwa wazazi. Rudi kwenye Luka 15. Kisa hakiishii kwenye karamu. Kinaishia nje ya nyumba, baba akimbembeleza mwana mkubwa, yule mtiifu, ambaye amekasirika na hataki kuingia. Je, aliingia? Luka hasemi. Mtu pekee katika kisa kile anayejivunia utii ndiye aliyebaki nje, na mlango umeachwa wazi bila jibu. "Tuwatii wazazi" si funzo la kisa hicho. Ni karatasi iliyobandikwa juu yake na watu walioacha kusoma katikati.

Hapa mwenzangu ataniambia: "Ndugu, unakuza jambo. Funzo likikosewa, mwanafunzi anapoteza alama mbili, basi." Ningekubali kama tusingekuwa tunaishi Kigali.

Chukua kisa kingine ambacho wachoraji wa Renaisansi walikipenda, kisa cha ulevi wa Nuhu katika Mwanzo sura ya 9. Nuhu anakunywa divai, analala uchi hemani mwake. Hamu anauona uchi wa baba yake, anatoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanatembea kinyumenyume, wanamfunika. Nuhu anapoamka anatoa laana, na anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe halaaniwi. Rangi ya ngozi haitajwi. Afrika haitajwi katika laana hiyo. Michelangelo alikichora kisa hiki kwenye dari la Kanisa la Sistina kati ya 1508 na 1512, na wana wote watatu wana miili ya aina moja. Katika mchongo wa shaba jambo hili liko wazi zaidi: hakuna rangi, kuna wino na karatasi tu, na ngozi ya kila mtu ni karatasi ileile. Anayetazama hawezi kumtambua Hamu kwa ngozi. Atamtambua kwa alichofanya.

Lakini chini ya picha hiyo watu wameandika mafunzo matatu kwa zamu. La kwanza: huyu ni mtumwa. Katika karne ya 15 Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa tarehe za Ureno, aliihusisha laana hiyo ya Nuhu na Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na baada yake wengi waliofanya biashara ya watu waliitegemea. La pili, lililo kinyume kabisa: huyu ni mtawala. Katika karne ya 19 jina la Hamu liligeuzwa kuwa jina la watu wanaodaiwa kuwa karibu na Wazungu, walioileta dola na ustaarabu katika Afrika. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitoka pande za Ethiopia. Hakuwa amekanyaga Rwanda. C. G. Seligman aliipa nadharia hiyo sura ya sayansi mwaka 1930, na katika miaka hiyohiyo ya 1930 utawala wa Ubelgiji ukawagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Maandishi ya chini ya picha yakaingia mfukoni mwa watu.

La tatu: huyu ni mgeni. Ukikubali kwamba Watutsi ni Wahamiti waliotoka mbali, mtu mwingine anaweza kuja kukuambia kwamba warudishwe walikotoka. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliwaambia waliomsikiliza kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Lakini kabla ya hukumu hiyo kulikuwa na mwaka 1994, na miili ya watu iliyopelekwa na Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria.

Sisemi kwamba kisa cha Nuhu ndicho kilichosababisha Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Waliopanga na waliotekeleza walikuwa watu wenye majina na vyeo, na siasa yao inajulikana. Nasema jambo moja tu: uongo ule ulihitaji wasomaji wa aina fulani, na aina hiyo ni yetu. Ni wasomaji wanaolisikia funzo, wanalikariri, na hawarudi kwenye maandiko kuhakikisha ni nani aliyelaaniwa. Kisa kimoja kimebeba mafunzo matatu yanayopingana, mtumwa, mtawala na mgeni, na kila kizazi kiliapa kwamba la kwake limo ndani ya kisa. Wachapishaji wa michongo walilijua jambo hili vizuri. Bamba la shaba lilipouzwa kwa mwenye duka mwingine, aliweza kuyasawazisha maandishi ya zamani na kuchonga mapya. Picha haikubadilika. Mteja aliyesoma chini tu alidhani amenunua picha mpya.

Kuna namna nyingine ya kupokea picha, na mfano wake mzuri uko jirani, Ethiopia hiyohiyo ambayo nadharia ya Wahamiti iliichafua. Mwaka 1590 na 1591 kiwanda cha uchapaji cha Medici huko Roma kilitoa Injili kwa Kiarabu, ikiwa na picha za Antonio Tempesta zilizochongwa kwenye mbao. Nakala zilifika Ethiopia, na katika karne ya 17 wachoraji wa Gondar wakazitumia kama vielelezo katika Injili zao za kuandikwa kwa mkono. Hawakunakili kama mashine. Walichukua mpangilio wa Tempesta, wakauleta katika desturi yao: nguo za kwao, rangi za kwao, na ile kanuni ya uchoraji wa Ethiopia kwamba mtu mwema huonyeshwa kwa macho yote mawili, na mwovu kwa upande mmoja wa uso. Ili uweze kugeuza picha namna hiyo, lazima kwanza uiangalie kiumbe kwa kiumbe, uamue nani anatazama wapi. Wachoraji wale walikuwa wahakiki. Waliisoma kazi ya mgeni, wakaijibu.

Najua pingamizi nitakazozikuta, nami nazijibu tatu.

Ya kwanza: fasihi yetu ni ya kufunza jamii, na hata wazee walimalizia hadithi kwa funzo. Si kweli kwamba walimalizia hivyo siku zote. Msimulizi wa Kinyarwanda anafunga kwa kusema "Si jye wahera, hahera umugani", yaani nisiishe mimi, uishe mgani. Msimulizi wa pwani husema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote na ikiwa mbaya ni yake mwenyewe. Humo hakuna funzo lililoandikwa chini. Mara nyingi sentensi ile ya "hadithi hii inatufundisha" tumeikuta mwishoni mwa hadithi katika vitabu vya shule, si kinywani mwa bibi.

Ya pili: ukiondoa funzo, kila mwanafunzi atasoma anavyotaka. Ni kinyume chake. Aliyesema Hamu alilaaniwa kwa weusi wake ndiye aliyesoma alivyotaka. Kinachomzuia mtu kusoma ovyo ni maneno yaliyopo kwenye ukurasa na mistari iliyopo kwenye karatasi. Funzo haliwezi kumzuia, kwa sababu funzo hubadilishwa kwa nyundo na patasi.

Ya tatu ndiyo nzito, na huisemwa kwa nia njema: Rwanda, baada ya yote iliyopitia, inahitaji vijana wenye maadili, na fasihi bila funzo ni anasa ya nchi nyingine. Naiheshimu hoja hii, lakini nawaomba wanaoitoa waende Nyamata na Ntarama. Yale ni makanisa. Watu walikimbilia humo kwa sababu mafunzo ya amani yalikuwa yamefundishwa humo kwa miaka mingi, na humo wakauawa, na leo ni kumbukumbu zao. Nchi yetu mwaka 1994 haikuwa na uhaba wa mafunzo. Watu wengi walikuwa wamekariri usiue. Kilichopungua ni mazoea ya kumtazama mtu aliyesimama mbele yako kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye kitambulisho chake.

Basi napendekeza nini? Sipendekezi tufute neno funzo. Napendekeza liletwe mwisho, tena kwa gharama. Swali la mtihani lianze na "nini kimeandikwa hapa, na nini hakikuandikwa?" Mwanafunzi anayedai funzo aonyeshe mstari linakotoka, na pia mstari unaolipinga. Asiyepata mstari wa kulipinga huenda hajasoma vya kutosha. Na picha ziletwe katika madarasa ya Kiswahili, kwani lugha yetu, iliyofanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, bado tunaitumia darasani zaidi kwa kutaja dhamira kuliko kwa kueleza kinachoonekana. Tujaribu kueleza kwa Kiswahili sanifu jinsi mkunjo wa nguo unavyoangukia goti la mtu anayeomba katikati ya nguruwe. Tutagundua msamiati upo, ila umelala kwa kukosa kazi.

Mwisho wa kipindi kile, mhadhiri hakutupa jibu. Alizima projekta, akakusanya waya zake, akatuambia turudi wiki iliyofuata na sentensi kumi, kila sentensi ikitaja kitu kilichomo katika picha, bila neno "funzo" wala neno "dhamira". Nilidhani ni kazi ya watoto. Nilikaa nayo jioni mbili huko Nyamirambo, na nikaishia kwenye sentensi saba. Ya saba ilisema hivi: mtu huyu bado hajasimama. Sikujua niongeze nini, na sasa naona kwamba hapo ndipo nilipoanza kusoma.